Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu, na ninyi mnaouguza majumbani,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha wagonjwa wa saratani mnazijua, sitawachosha nazo. Wodini tulikwenda kila mwezi isipokuwa Machi na Agosti, tukiwa na sabuni, khanga na unga wa uji. Wagonjwa 27 walioomba kusindikizwa kliniki walisindikizwa. Siku ya Saratani Duniani, Februari 4, tuliiadhimisha. Wenzetu watano wametangulia mbele za haki. Katibu atawasoma majina na tutasimama dakika moja.

Sasa niingie kwenye jambo lililotugawa. Najua wapo waliokuja leo kwa ajili ya jambo hilo tu.

Mwezi Mei Kamati Tendaji, chini ya uongozi wangu, ilitoa shilingi 1,200,000 kwenye mfuko wa rambirambi uliokuwa na shilingi 2,400,000. Mkono wa pole kwa familia iliyofiwa ukashuka kutoka shilingi 200,000 hadi 100,000. Fedha hizo tulizipeleka kwenye siku tatu za uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi na elimu ya chanjo kwa wazazi. Imesemwa kwamba nimewanyima marehemu heshima yao. Imesemwa kwamba chama cha wagonjwa hakina kazi na watoto wa shule. Mengine yaliyosemwa sitayarudia mbele ya wakubwa zangu.

Kwanza utaratibu. Katiba yetu inataka mkutano maalumu kabla ya kubadili matumizi ya mfuko, na akidi ni theluthi moja ya wanachama. Tuko 146, kwa hiyo tunahitaji watu 49. Nikaitisha mkutano Mei 11, wakaja 31. Nikaitisha tena Mei 25, nikapiga simu mimi mwenyewe hadi salio likaisha, wakaja 23. Katiba hiyo hiyo inasema mkutano ukishindikana mara mbili, Kamati itaamua jambo la haraka. Kamati ilipiga kura, zikawa nne kwa nne, na kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua. Ni kura yangu, siikimbii. Ila wengi wa wanaoniuliza leo kwa nini hawakushirikishwa, majina yao hayamo kwenye orodha ya mahudhurio ya Mei 11 wala ya Mei 25. Orodha zipo kwa Katibu, kila mtu anaruhusiwa kuzisoma.

Pili, kwa nini niliona ni jambo la haraka. Aprili mwaka huu serikali ilibadili utaratibu wa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2018 binti alichanjwa sindano mbili, akianza na miaka 14. Sasa ni sindano moja, na walengwa ni mabinti wa miaka 9 hadi 14. Kampeni ilipopita mitaani kwetu nilishuhudia kwa macho yangu mama akimfungia binti ndani ya chumba na kuwaambia wachanjaji kwamba mtoto kasafiri. Nilipomuuliza akanijibu, sindano zilikuwa mbili, leo imekuwa moja, maana yake wanatujaribia. Mwingine akasema inaziba uzazi. Miongoni mwetu wanachama pia, niseme wazi, wapo walioshikilia maneno hayo, na binti zao wakabaki nyumbani.

Ndugu zangu, hilo la sindano moja halikuja kwa ndege kutoka mbali. Lilichunguzwa hapa hapa Mwanza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ikishirikiana na wenzao wa London, iliwachukua mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14, watoto wa mji huu, kwa ridhaa ya wazazi wao. Wengine walipewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili damu zao zilipimwa, na karibu wote waliopata moja tu walikutwa bado wana kinga dhidi ya HPV 16 na 18. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Kinga ya sindano moja ilikuwa chini ya ile ya waliopata zaidi, lakini haikuporomoka, ilitulia.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Huko Kisumu, Thika na Nairobi walishirikishwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ambao tayari walikuwa wameanza mahusiano. Baada ya miezi 18, sindano moja ilikuwa imezuia maambukizi mapya ya kudumu ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5. Matokeo hayo yalitoka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba nchi inaweza kutumia sindano moja. Kwa hiyo yule mama aliyedhani tunajaribiwa apewe jibu hili: majaribio yameshafanyika, walioshiriki ni watoto wetu na wa majirani zetu, na dunia nzima imejifunza kwao. Ni fahari yetu. Mimi nasikia vibaya kuona mji uliotoa mabinti hao ndio huo huo unaofungia mabinti vyumbani.

Na anayetaka kujua mwisho wake, aangalie Uingereza, waliotutangulia kwa miaka kumi. Taarifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, walipofika utu uzima, saratani hii ilipungua kwao kwa asilimia 87.

Kwetu sisi tuliokwisha ugua chanjo haitibu kitu, nalijua hilo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye uchunguzi. Tulikwenda Igoma, Kirumba na Buhongwa. Maturubai, viti vya kukodi, gari la matangazo, nauli na chakula cha wauguzi: jumla shilingi 1,140,000. Shilingi 60,000 zilizobaki zimerudi kwenye mfuko. Kibali nilikifuatilia mimi, safari nne kwa miguu yangu, na sikudai hata senti ya nauli. Wanawake 312 walipimwa. Kipimo chenyewe mnakijua: muuguzi anapaka siki nyeupe kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, panapogeuka peupe ndipo penye shaka. Wanawake 19 walikutwa na mabadiliko. Kati yao 14 walitibiwa siku ile ile kwa kifaa cha joto, wakarudi nyumbani kupika. Watano walipewa rufaa, na wawili wamethibitika kuwa na saratani iliyo hatua za mwanzo. Mmoja wao yumo ukumbini humu, na ameniruhusu niseme hivyo tu.

Mnaijua historia yangu. Mwaka 2013 nilitokwa na damu kwa miezi saba. Zahanati niliyokwenda ilinipa vidonge vya maambukizi mara tatu, hakuna aliyenipandisha kitandani anitazame. Nilipofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa hatua ya tatu. Nimepona kwa rehema za Mungu, kwa mionzi, na kwa kaka yangu aliyeuza ng'ombe wanne. Tulioanza pamoja matibabu mwezi ule tulikuwa kumi na mmoja, tuliobaki ni watatu. Hao wanane nimewazika kwa mkono wa pole wa shilingi laki mbili laki mbili. Hakuna hata familia moja iliyoniambia ingechagua laki mbili kuliko dakika moja ya siki. Hatukuanzisha chama cha kuzikana. Niliposaini ile hati mwezi Mei nilikuwa nawafikiria wale wanane, na ningesaini tena.

Kwa familia tano zilizopokea laki moja moja mwaka huu, nawaomba radhi kutoka moyoni. Najua misiba yenu ilikuwa na gharama zile zile.

Walio kwenye matibabu nao wapate habari yao. Oktoba ulitangazwa utafiti wa wanawake 500 wenye saratani ya mlango wa kizazi, wa Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Waliopewa kwanza dripu za dawa za saratani, kaboplatini na paklitakseli, kila wiki kwa wiki sita, kisha ndipo wakaingia kwenye mionzi na tibakemia ya kawaida, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopata matibabu ya kawaida pekee walikuwa asilimia 72. Dawa hizo mbili ni za zamani, si zile za mamilioni. Usibadilishe chochote kwa sababu umenisikia mimi. Muulize daktari wako kama inakufaa. Na siku hizi mionzi inapatikana hospitali ya Bugando hapa Mwanza, hatulazimiki wote kupanda basi la Dar es Salaam kama nilivyopanda mimi.

Nije kwenye ada, na hapa naongea kwa uchungu. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Waliolipa yote ni 61. Waliolipa nusu ni 34. Wanachama 51 hawajatoa kitu. Tumekusanya shilingi 1,872,000 wakati tulipaswa kuwa na 3,504,000. Pengo ni shilingi 1,632,000. Fedha hiyo ingelipia siku zote tatu za uchunguzi bila kuugusa mfuko wa rambirambi, na chenji ingebaki. Mgonjwa aliye kitandani simdai, na Mhazini anajua ninaowaombea msamaha kila mwaka. Nasema na wenye uwezo. Michango ya harambee ilileta shilingi 1,350,000, na karibu nusu yake ilitoka kwa watu wasio wanachama.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza siku za uchunguzi, hasa kwa kina mama wanaoishi na VVU ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni mara sita ya wengine. Tunatumaini kupata mfadhili wa kifaa chetu wenyewe cha joto. Mfuko wa rambirambi tutaurudisha kadiri ada zitakavyoingia. Na kwa walioomba hoja ya kutokuwa na imani nami, hoja hiyo nimeiweka mwenyewe kwenye ajenda, namba sita. Katika kipengele hicho Makamu ataongoza kikao, mimi nitakaa huko mbele yenu.

Risiti zote ziko mezani kwa Mhazini. Naomba kuwasilisha.