Umeambiwa Una Presha ya Mapafu. Imetoka Wapi?

Kuna wateja wanaofika kliniki yetu hapa Kisumu wakiwa wameshapimwa presha mkononi, wakaambiwa iko sawa, na bado wanahema wakipanda ngazi chache. Wengine wamepewa dawa ya pumu. Kipimo cha mkononi hakisemi lolote kuhusu mishipa inayopeleka damu mapafuni. Presha ikipanda huko, upande wa kulia wa moyo hulemewa, miguu hufura, na mtu anaweza hata kuzimia akifanya kazi ngumu.

Sisi hufanya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Haichomi wala haina mionzi. Hukadiria presha hiyo, lakini faida yake kubwa ni kwamba huonyesha pia upande wa kushoto wa moyo, ambao ukiugua ndio chanzo kinachoongoza cha presha ya mapafu duniani. Kijana anaweza kukutwa na vali (mlango wa moyo) iliyokaza kutokana na homa ya rumatizimu ya utotoni, na maumivu ya koo yaliyoianzisha alishayasahau.

Moyo wa kushoto ukiwa mzima, usishangae kwa maswali yetu. Umewahi kutibiwa kichocho? Huku kando ya ziwa swali hilo halikwepeki, kwa kuwa kichocho cha tumbo kikishaharibu ini, mayai yake huweza kufika mapafuni. Tutauliza pia kuhusu sikoseli, HIV, TB ya zamani na miaka uliyopikia kuni jikoni pasipo dirisha. Na je, mguu mmoja uliwahi kuvimba ghafla, labda baada ya kujifungua? Hilo tunalifuatilia sana, kwani uvimbe huo huweza kuwa dalili ya bonge la damu linaloweza kusafiri hadi mapafuni, na mabonge yaliyokwama huko muda mrefu wakati mwingine hutolewa kwa upasuaji.

Tuseme wazi: eko ni makadirio. Uthibitisho hutoka kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, na tangu mwongozo wa Ulaya wa 2022, wastani wa presha ya mshipa wa mapafu unaozidi mmHg 20 (kizio cha presha) ndio huhesabiwa kuwa juu. Hatufanyi kipimo hicho, tunakuandikia rufaa.

Sildenafili, dawa ya presha ya mapafu aliyoandikiwa jirani, usiiguse. Yeye inaweza kumsaidia, lakini ugonjwa wako ukiwa wa moyo wa kushoto, huenda ikakudhuru.

Ukija, beba eksirei za zamani, kadi ya kliniki na dawa zote unazomeza. Usiache hata moja kwa sababu ya kipimo.