Kiambaza cha Hamburg na mtaa unaotakiwa Malindi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza juma lililopita kwamba serikali ya kaunti itenge mtaa mmoja hapa Malindi, uzungushiwe ukuta, na biashara ya ukahaba ihamishiwe humo. Hoja yake aliitia nguvu kwa mfano wa Wajerumani, ambao kwa maelezo yake walijenga ukuta kama huo katika mji wa Hamburg tangu zamani kwa busara ya wazee wao. Kwamba barabara ya kwenda Lamu haipitiki na watoto baada ya Isha, sibishani naye, kwani mimi pia nina wajukuu. Ninalobishana naye ni huo ukuta, kwa sababu nimewahi kusimama mbele yake, na historia yake siyo hiyo aliyoisimulia.

Mtaa wenyewe unaitwa Herbertstraße, umo katika kitongoji cha St. Pauli, na urefu wake ni kiasi cha mita 60 tu, yaani mtu huumaliza kabla sigara yake haijafika nusu. Meli niliyokuwa nikifanyia kazi ilitia nanga Hamburg katika miaka ya 1980, na mabaharia wakongwe wakatuchukua sisi vijana kwenda kutuonyesha mji. Kila mwisho wa mtaa ule pana kiambaza cha chuma kinachopita kimo cha mtu, kimepangwa kwa vipande vinavyopishana, hata mpita njia asione ndani, na anayetaka kuingia sharti apenye kando. Juu yake pana kibao kisemacho kwamba wanaume walio chini ya miaka 18 na wanawake hawaruhusiwi. Mwenzangu mmoja, Mpemba, akapenya. Mimi nikabaki nje, wala sijisingizii ucha Mungu. Mshahara ulikuwa haujatoka. Nilichokipata pale ni sauti tu: vidole vya wanawake vikigonga vioo vya madirisha kuwaita wapitao.

Mpishi wetu, mzee aliyezaliwa bandarini hapo, ndiye aliyeniuliza kama nawajua waliokijenga kiambaza kile. Nikamjibu kama angejibu mwandishi wa juma lililopita, kwamba bila shaka ni wazee wa mji. Akacheka, akasema ni Wanazi, mwaka 1933. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za mtaa huo kila ninapozipata.

Kitongoji chenyewe zamani kilikuwa nje ya ngome ya mji, nje ya lango la Millerntor, na hadi 1833 kiliitwa Hamburger Berg. Huko ndiko mji ulikokuwa ukisukumia kila ulichokihitaji lakini usipende kukitazama wala kukinusa: hospitali ya wagonjwa wa tauni, majiko ya kuchemshia mafuta ya nyangumi, na wasokota kamba. Barabara kuu ya kule, Reeperbahn, ambayo leo ulimwengu mzima unaijua kwa muziki na ulevi, maana ya jina lake ni njia ya wasokota kamba. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sababu. Aliyemwona bibi yake akifukua makumbi ufukweni, akiyaponda hadi yawe usumba na kuusokota, anajua kwamba kamba fupi husokotwa mapajani, bali kamba ya kufungia jahazi inataka uwanja mrefu ulionyooka, na uwanja kama huo haupatikani ndani ya ngome. Malango yalifungwa kila jioni, na aliyechelewa alilipa ada ndipo afunguliwe, hadi desturi hiyo ilipokoma mwishoni mwa 1860. Basi mabaharia waliotoka katika meli za mto Elbe wakistarehe huko nje, na madanguro yakawafuata, kama yanavyofuata bandari yoyote duniani, yetu pia.

Mwaka 1871 Dola ya Ujerumani ilitunga sheria ya jinai iliyoharamisha kuendesha danguro. Wakubwa wa Hamburg waliisoma, wakaendelea na mambo yao. Polisi waliwaandikisha wanawake, wakawapangia nyumba za kukaa na mitaa wasiyoruhusiwa kukanyaga, na wakawapeleka kwa daktari wakaguliwe, ilhali mteja hakukaguliwa na mtu. Mwishoni mwa karne hiyo Lida Gustava Heymann, mwanamke wa Hamburg aliyerithi mali na kuitumia kwa ajili ya wanawake wenzake, alisimama na kupinga jambo hilo waziwazi: iweje serikali ya mji ilinde kwa askari wake kile ambacho sheria ya nchi imekikataza? Ilichukua miaka mingi. Mwaka 1921 Baraza la Hamburg liliamua kuufuta utaratibu huo, mwaka uliofuata mtaa ule ukabadilishwa jina kutoka Heinrichstraße kuwa Herbertstraße, na sheria ya 1927 ikaondoa usimamizi wa polisi juu ya wanawake hao nchini kote.

Ndipo wakaja Wanazi, wakijinadi kuwa wasafishaji. Wangaliweza kuyafunga madanguro, maana hawakuwa watu wa kushindwa kufunga kitu. Hawakuyafunga, waliweka kiambaza ili machafu yasionekane na waungwana waamini kwamba mji umesafishwa. Wanawake waliokamatwa wakijiuza penginepo waliandikwa kuwa watu wasiofaa katika jamii, na wengi wao wakaishia katika kambi za mateso, ikiwemo Ravensbrück. Vita vilipoanza mwaka 1939 utawala huohuo ukaamuru madanguro yasimamiwe na dola yenyewe, yakiwemo ya askari wake. Huo ndio ukuta tunaoambiwa tuuige.

Utawala ule ukaanguka, kiambaza kikabaki, kwa kuwa kilikwisha kuwa na faida yake. Kibao cha kuwazuia wanawake kiliongezwa katika miaka ya 1970 tu, na kisheria ule ni mtaa wa umma kama mwingine wowote. Wanaharakati wa kike walikivunja kipande kimoja cha kiambaza Machi 2019 kwa hoja hiyohiyo. Sheria ya Ujerumani ya 2002 ilimpa mwanamke wa biashara hiyo haki ya kudai ujira wake mahakamani, na ile ya 2017 ikamtaka ajiandikishe. Domenica Niehoff, aliyefanya kazi Herbertstraße kabla ya kuiacha na kuwasaidia wasichana waliotekwa na dawa za kulevya, amepewa kichochoro chenye jina lake mjini humo baada ya kufa kwake mwaka 2009. Nalitaja hilo kwa sababu yeye aliwasaidia wasichana wale kwa kuwaendea walipo.

Sasa turudi kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakataza kuendesha danguro na kuishi kwa mapato ya ukahaba, kwa hiyo kaunti ikitenga mtaa itakuwa inafanya lilelile alilolipinga Heymann. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa UNICEF na serikali yetu uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wameingia katika biashara hii. Hao ni watoto, na kwa wateja wao Wakenya walikuwa wengi kuliko taifa lolote la wageni. Mtoto wa miaka 14 hatapelekwa nyuma ya ukuta wenye kibao cha miaka 18. Atabaki katika nyumba za kupangisha ambazo hazina kibao, na sisi tutakuwa tumeacha kutazama kwa kuwa tunadhani mambo yote yamo ukutani.

Mwenzangu hakutaja ni mtaa gani utolewe. Namwomba katika barua yake ijayo autaje kwa jina, aseme pia kama yeye mwenyewe anaishi hapo au ni sisi wengine.

Wako,
Baharia mstaafu,
Shella, Malindi