Kwa Wajukuu Zangu Wapiga Gitaa

Wajukuu zangu,

Mmoja wenu ameuza gitaa. Ana miaka 31, ananiambia gari limeshamwacha. Nilitaka kumcheka, nikamkumbuka Elizabeth Cotten.

Huyu ni bibi wa North Carolina, Marekani, mzaliwa wa 1893. Alifanya kazi za ndani tangu mdogo, akajinunulia gitaa la dola 3.75. Alikuwa wa mkono wa kushoto na hakubadili nyuzi. Aliligeuza gitaa lote juu chini. Hebu jaribuni. Nyuzi nene zinaangukia vidoleni, nyembamba zinapanda juu. Dole gumba, ambalo sisi tumelizoesha besi, zile sauti nene, kwake ndilo lililoimba! Akatunga Freight Train, wimbo wa treni ya mizigo, akiwa binti wa miaka 11 au 12 hivi.

Kisha kanisa likamwambia nyimbo za kidunia aachane nazo. Akaliweka gitaa miaka na miaka.

Amekuwa mtu mzima, anauza wanasesere katika duka kubwa huko Washington, akaokota mtoto aliyepotea, akamrudisha kwa mamake. Mama huyo, Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki, akampa kazi nyumbani kwake. Gitaa lilikuwa likining'inia ukutani. Siku moja yule mtoto, Peggy, akamkuta yaya ameliteremsha, analipiga. Kakake Peggy, Mike, akamrekodi. Albamu ikatoka 1958, bibi kashapita 60. Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, aliipokea 1985, ana 90 na ushei.

Kwa hiyo umri usinitajie. Kinachoniuma mimi ni kingine. Peggy alikwenda Uingereza, akauimba ule wimbo. Mwaka 1957 ukavuma kule, na walioandikishwa kuwa watunzi ni wanaume wawili wa huko huko. Mwenyewe yuko Washington, anapiga pasi nguo za watu! Mpaka akina Seeger walipomsaidia kudai ndipo jina lake likaingia.

Nayajua hayo. Wimbo wangu mmoja niliupiga bendini bila kuuandika popote. Leo mwenzangu mmoja anaitwa mtunzi wake, nami naalikwa kuusikiliza harusini.

Wewe uliyeuza gitaa, kesho baada ya alasiri nipo barazani. Langu lipo, waya wa tatu umekatika tu. Na ule wimbo wako wa muuza samaki, umeuandika? Njoo na daftari.

Babu yenu