Wifi yangu, yasome na maneno yaliyokuwa chini ya picha

Wifi yangu,

Nimesikia kwa watu kwamba umeagwa shuleni, ukavishwa khanga, na wanafunzi wako wa zamani, wengine sasa wana wajukuu, wakaja kukulilia. Hongera. Naitoa kwa moyo safi, maana nakumbuka ulivyokuwa ukitoka alfajiri na madaftari kichwani masika yakiwa yamekata njia. Kaka yako alipopata habari alifurahi, akasema, "Mwalimu naye kapumzika." Halafu akanyamaza. Unajua kwa nini alinyamaza.

Naandika hapa mbele za watu kwa sababu ujumbe wangu wa simu huujibu, na barua niliyompa mwanangu alipokuja likizo nimeambiwa ilikaa juu ya kabati mpaka akaondoka. Hapa utasoma, hata kwa simu ya mtu.

Kwanza nikupe neno la mstaafu kwa mstaafu. Kiinua mgongo kikiingia, usikitangaze. Wataibuka wa mashamba yasiyo na hati, wataibuka wa biashara ya dagaa, na wote watakuita dada. Tenga fungu la nyumba, tenga la matibabu, kisha tenga moja la kwenu, wewe na shemeji, ambalo hamtalitolea hesabu kwa mtu yeyote. Liwe dogo, lakini liwepo. Mkitaka kwenda kutazama Ziwa Nyasa, nendeni. Mkitaka kukaa Mafia wiki nzima mkila samaki, kaeni. Msingoje watoto wamalize kujenga, maana watoto hawamalizi.

Hilo sikulitoa hewani. Unajua kazi niliyofanya huku Australia, mjini Perth, mpaka magoti yakakataa: kulea wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kulikuwa na mzee mmoja, ukutani kwake ana ramani ya Australia. Alikuwa ameichora kwa kalamu nyekundu njia atakayopita na mkewe wakistaafu: kutoka Perth kufuata pwani hadi Broome, akate Kimberley hadi Darwin, ashuke katikati ya jangwa. Mkewe alifariki kabla hawajaanza. Nimembadilisha mzee yule nguo chini ya ramani ile miaka na miaka. Siku alipokufa, wanawe waliiviringisha ramani wakaitia kwenye mfuko wa taka, nami nikaubeba mfuko kuupeleka nje. Nilirudi nyumbani nikamwambia kaka yako: sisi hatutangoja.

Ndiyo tukanunua karavani. Mtumba, Wifi. Wewe uliiita "nyumba ya kuburuta" mbele ya mashangazi, na mashangazi wakacheka. Ndani mna kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo, tangi la maji na choo cha kumwaga wenyewe. Kaka yako aliyeendesha mabasi ya jiji maisha yake yote anaivuta kama hakuna kitu nyuma. Huku wazee wa namna yetu ni wengi mno. Wanawaita wahamaji wenye mvi. Baridi ya kusini ikianza, mwezi wa tano, wa sita, wanapanda kaskazini kwenye joto, na mvua za kaskazini zikikaribia wanashuka. Kuna viwanja vya kulipia vyenye umeme na bafu, na kuna sehemu za kando ya barabara za kulala bure. Sisi ni watu wa bure. Mafuta ya gari ndiyo yanayotuumiza, vingine tunakula vilevile ambavyo tungekula nyumbani. Na kabla hatujanunua hata tairi moja la karavani ile, paa la nyumba ya mama lilikuwa limeshabadilishwa bati zote. Sisemi kwa kusimanga. Nasema kwa sababu paa lile wewe unalala chini yake, na siku ile barazani hukulitaja.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Barabara ya Eyre, Wifi, inatoka Norseman, na kutoka hapo hadi Ceduna ni kilomita kama 1,200, inakatiza uwanda wa Nullarbor. Kuna kipande cha kilomita 146 ambacho hakina kona hata moja. Vituo vya mafuta viko mbalimbali, na kati yake ni vichaka vifupi, alama za kukutahadharisha na ngamia na kangaruu, na malori marefu. Sehemu nyingine lami yenyewe imechorwa mistari ili ndege ya madaktari itue hapohapo barabarani, kwa kuwa mgonjwa hawezi kufikishwa hospitali kwa gari akaishi. Hiyo ndiyo nchi tuliyokuwamo. Simu unaitazama tu kujua saa. Kaka yako alikuambia kabla hatujaondoka kwamba kwa siku kadhaa hatutapatikana, nawe ukamjibu, "Haya, mama mzima, nendeni salama."

Na mama alikuwa mzima. Ugonjwa wake ulikuwa wa usiku mmoja.

Pale Head of Bight, wakati wa baridi, nyangumi wanatoka bahari ya kusini kwenye barafu wanakuja kuzaa chini ya majabali. Unasimama juu kwenye njia ya mbao, unamwona jike ametulia kama jahazi lililotia nanga, mwanawe anamzunguka. Kaka yako alipomwona aliangua kicheko cha utotoni ambacho mimi mkewe nilikuwa sijawahi kukisikia. Alimkumbuka mama. Kile kisa chake cha kuvuka kwenda Songosongo akiwa mwari, nyangumi akaibuka ubavuni mwa chombo akapumua, na kila mtu Kilwa Kivinje akamwambia mwongo. Mama alikisimulia mpaka uzeeni na bado mkimcheka. Kaka yako akasema, "Leo nimepata shahidi." Nikampiga picha akicheka hivyohivyo, mdomo wazi, nyangumi nyuma yake. Akaiandikia maneno, akaituma kwenye kundi la familia. Haikwenda. Ikabaki kwenye simu ikisubiri mtandao.

Tulifika Ceduna siku ya tatu yake. Pale kuna kizuizi cha ukaguzi: matunda na mboga haziruhusiwi kuingia upande ule, kwa ajili ya nzi wa matunda. Mkaguzi yuko kwenye friji yetu anatoa nyanya na ndimu, na simu zetu zote mbili zikaanza kulia. Zililia bila kukoma. Kaka yako akadhani ni salamu zilizolimbikana. Alisoma ya kwanza. Akaketi chini, kwenye lami, mgongo kwenye gurudumu. Mkaguzi wa watu akabaki na ndimu mkononi hajui la kufanya. Na katika dakika hizohizo, bila sisi kugusa chochote, simu ilipata mtandao ikaituma ile picha.

Mama alizikwa siku aliyofariki, kabla ya magharibi, kama inavyotakiwa. Wewe ndiwe uliyemwosha, ndiwe uliyemkafini, na kwa hilo Mungu akulipe, sina thawabu ya kukupa inayolingana. Lakini hata tungekuwa Perth sebuleni, simu mkononi, tungemkuta yuko ardhini. Hilo unalijua. Umbali ule haukuletwa na karavani. Uliletwa na kutafuta maisha, na maisha yale tuliyatafuta kwa baraka za mama mwenyewe, tena wewe ndiye uliyetusindikiza stendi.

Tuliiacha karavani palepale Ceduna, tukapanda ndege moja baada ya nyingine. Tulipofika tanga lilikuwa limeanuliwa. Kesho yake, barazani, baada ya chai, ukatoa simu. Ukasema, "Mama ana siku mbili kaburini, mwanawe wa kiume anacheka na nyangumi." Ukampa shangazi mkubwa. Shangazi akampa aliyemfuatia. Simu ikazunguka mkeka mzima mpaka ikamfikia kaka yako. Akaitazama. Akaifuta kioo kwa ncha ya kanzu, akairudisha kwako kwa mikono miwili, akavaa viatu akaenda makaburini. Hakusema neno, na mimi mkaza mwana, mbele ya mashangazi, ningeanzia wapi?

Wifi, chini ya picha ile kulikuwa na maneno. Uliikata picha ukayaacha maneno nje. Yalisema hivi: "Mwalimu, mwonyeshe mama. Mwambie ni yule wa Songosongo, kaja na mtoto." Yaliandikwa kwa jina lako, maana mama hakuwa na simu ya picha, wewe ndiwe uliyekuwa macho yake. Umefundisha watoto wa watu kusoma miaka yote ile. Hukuyasoma?

Nimejiambia kwamba ulikuwa na uchungu, kwamba ulikuwa hujalala, kwamba mtu aliyeshika mama yake akikata roho hana akili ya kusoma vizuri. Nimekutetea mwenyewe kichwani usiku mwingi kuliko unavyodhani. Halafu nakumbuka kwamba kuikata picha kunahitaji kidole kisichotetemeka.

Tangu siku ile kaka yako hapigwi picha akicheka. Mwaka uliofuata tulikwenda kaskazini, tukafika Derby. Kule kuna mibuyu. Mibuyu kabisa, jamaa ya hii yetu, na nje ya mji upo mmoja mkubwa sana, tumbo wazi ndani. Alitembea akiugusa magamba, akaniambia unafanana na ule wa njia ya kisimani kwenu. Nilipotoa simu akaweka kiganja usoni. Nikaacha.

Lakini hakuacha kuwa yeye, na hili nataka ulijue. Jirani yeyote wa kambini, Mzungu wa Melbourne, mama mjane anayevuta karavani yake peke yake, wote wanaijua Kilwa. Huwaambia kwamba mwaka 1944 askari wa jeshi la anga, Maurie Isenberg, aliokota sarafu mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa ya nchi hii, akaziweka miaka mingi bila kujua ni nini, na zilipokuja kutambuliwa, tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa. Zilifikaje, wataalamu wanabishana mpaka leo. Kaka yako habishani. Anasema watu wa Kilwa walishazoea kusafiri, na anayewacheka leo akaulize mchanga wa Marchinbar. Wasikilizaji wanamletea chai.

Broome tulikaa muda. Maji ya bamvua pale yanapanda na kushuka karibu mita kumi, ya kwetu hayafiki nusu. Jua kwenu hutoka baharini. Pale linazama baharini, na bahari ni ileile. Na kibla kiko upande huohuo wa maji, kaskazini-magharibi. Kaka yako anaswali magharibi ufukweni na kila sala anamwombea mama, kisha anakuombea wewe. Nipo nyuma yake, nasikia. Mimi wakati mwingine nakuombea, wakati mwingine siwezi.

Broken Hill, upande wa mashariki, kuna msikiti mdogo wa mabati uliojengwa na wachunga ngamia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Walikuwa Waafghani, Mabulushi, Wahindi, walioletwa na ngamia wao kubebea watu mizigo jangwani kabla malori hayajaja. Wengi walikufa huku hawajawaona tena mama zao. Siku hizi ni jumba la makumbusho. Kaka yako aliomba ruhusa ya kukaa kidogo ndani, akawasomea fatiha watu asiowajua.

Huyo ndiye uliyemwonyesha mashangazi kwamba hana uchungu.

Ulisema pia kwamba sisi tunakimbia. Tunamkimbia nani? Watoto wetu wana makazi yao. Kazi tumeimaliza. Nyumba ya kuburuta imenipa mume ambaye kwa miaka mingi nilikutana naye mlangoni tu, mimi natoka zamu ya usiku, yeye anakwenda kuwasha basi la alfajiri. Sasa tunakunywa chai pamoja saa ile ile tuliyokuwa tunapishana. Nikwambie mstaafu mwenzangu, hicho nacho ni kitu, na shemeji anakihitaji, hata kama hasemi. Mwenyewe ulinilalamikia zamani kwamba hamjawahi kukaa siku nzima pamoja nje ya misiba na harusi.

Na sasa harusi yenyewe. Nimesikia binti yako anaolewa Desemba, na nimesikia, si kwako, kwamba kilemba cha mjomba kinataka kupewa binamu yenu wa Lindi, "kwa sababu mwenyewe yuko porini". Wifi, hapana. Binti yule kaka yako ndiye aliyemlipia shule ya bweni. Kaskazini mvua na vimbunga huanza Novemba, kwa hiyo toka Oktoba karavani itakuwa imeegeshwa nyumbani Perth na simu inashika. Nauli tumeshaitenga.

Mpigie. Saa tatu asubuhi kwenu, huku ni saa nane mchana, ameshaswali adhuhuri na simu iko mezani. Usipoweza kuongea naye, mpe shangazi mkubwa aongee. Picha nzima, na maneno yake, nimemtumia shangazi leo. Lakini kilemba cha mjomba msimpe mtu mwingine.

Wifi yako.