Saa 48 za Kifungu cha 18 cha Katiba ziheshimiwe

Mheshimiwa Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu kuhusu semina ya maadili kwa polisi wa jiji letu la Lubumbashi imenishinda kunyamazia. Mliandika kwamba askari walikumbushwa kumheshimu raia. Juu ya kasho, yaani mahabusu ya polisi, hamkuandika neno, na humo ndimo heshima hiyo inamopimwa.

Mpwa wangu, kijana anayeuza mayunite ya simu karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, alikamatwa Alhamisi moja jioni bila kuelezwa sababu. Mama yake alipofika kituoni alitakiwa atoe kwanza pesa ya karatasi na kalamu ili maelezo ya mwanawe yaandikwe, kisha pesa ya kumwona, kisha matabishi, yaani bakshishi, ya askari wa mlangoni; na kesho yake OPJ, yaani afisa wa polisi anayepeleleza makosa, akamtajia dola za kumaliza neno. Dada yangu akaomba risiti. Akajibiwa kwamba anayetaka risiti angoje parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, nayo parke haifunguliwi mwisho wa juma. Kijana akalala kwenye saruji tupu, akila kile tu tulichompelekea, hadi Jumatatu. Sasa Katiba ya nchi yetu ya Kongo ya mwaka 2006, katika Kifungu cha 18, inaamuru kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe mara moja kuwasiliana na jamaa zake au wakili wake, na asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba saa hizo husimama Jumamosi na Jumapili. Ni kweli sheria humruhusu OPJ kumaliza kosa dogo kwa faini ya mapatano, lakini faini hiyo ni mali ya Hazina ya Serikali, si ya mfuko wa koti lake, na aliyeomba risiti alikuwa akidai haki yake. Kwa nini basi aliyeadhibiwa awe mwanawe?

Mambo ni hayo hayo kwa polisi wa roulage, yaani wa barabarani. Wanaingia ndani ya taksi-basi, wanachomoa ufunguo, na abiria wanabaki juani mpaka dereva atoe kitu. Najua mshahara wao ni mdogo na huchelewa, na wengi ni jirani zetu ninaowahurumia kwa dhati. Lakini kila mtu mjini anajua ile "opération retour", yaani sehemu ya makusanyo inayopandishwa kwa mkubwa jioni. Basi semina ianze kwa wakubwa.

Naomba jambo moja linalowezekana. Kila kituo kitundike ubao nje ya lango, palipo na taa, wenye jina la kila aliye ndani, siku na saa aliyoingia, kosa analotuhumiwa na jina la OPJ anayemshughulikia, kwa Kiswahili na Kifaransa. Mwendesha mashtaka, ambaye kisheria ndiye msimamizi wa OPJ, aupitie na kuusaini, Jumapili ikiwemo. Nanyi wa gazeti mtume mwandishi ausome kila juma na kutuchapishia majina ya vituo vilivyopitisha saa 48.

Mkaaji wa Katuba,
Lubumbashi