Barua ya Kufunga Muhula: Daladala ya Kigoma

Ndugu Wazazi na Walezi wa Darasa la Awali,

Poleni na majukumu. Tunafunga muhula Ijumaa hii saa sita mchana. Ripoti mtazipata kwa mwalimu wa darasa, na mambo ya ada na sare tutayazungumza kikaoni. Leo nataka kuwaeleza habari ya viti.

Wapo mliochungulia dirishani mkakuta viti vimepangwa viwili viwili, mtoto mmoja ameshika kifuniko cha ndoo anaendesha, mwingine ananing'inia mlangoni akiita, "Buguruni, Buguruni, siti zipo!" Mzazi mmoja alikuja ofisini na daftari la mwanawe, kurasa nyingi nyeupe, akaniuliza kama analipa ada ili mtoto awe konda. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo kazini, ningeamuru viti virudishwe mahali pake.

Mwezi wa tatu tulipokea mtoto aliyehamia Dar es Salaam kutoka Kigoma. (Mama yake ameniruhusu nisimulie.) Wiki mbili nzima hakufungua mdomo. Kwenye uji alikaa pembeni, akiitwa jina anatazama chini. Siku moja daladala ikapungukiwa abiria. Konda akamshika mkono, akamketisha, akamdai nauli, yaani jani la mwembe, kisha akamuuliza, "Dada, unashukia wapi?" Akajibu, "Kigoma." Lilikuwa neno la kwanza mwalimu kulisikia kwake. Konda akafikiri, akageuka: "Suka, Kigoma tunafika?" Dereva akasema wanafika, ila ni mbali, abiria walale.

Kesho yake Buguruni haikutajwa tena. Gari lilikuwa la Kigoma, na mgeni ndiye aliyejua huko kuna nini. Akawaonyesha ziwa lilipo, chini ya ubao, akapanga vijiti akauza migebuka na dagaa, wenzake wakapanga foleni. Tulikuwa tumemkaribisha kwa maneno mara nyingi tu, bila faida. Kilichomwingiza darasani ni kudaiwa nauli kama abiria wengine.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, katika mhadhara wake wa 1933 alitoa mfano wa ndugu wawili wa kike, mmoja miaka 5 na mwingine 7, waliokubaliana wacheze kuwa dada na mdogo wake. Ni ndugu kweli, lakini siku za kawaida hawaufikirii undugu wao. Mchezoni ndipo wanavaa sawa, wanashikana mikono, wanaambiana hiki chetu, kile cha watu.

Sisemi mchezo ni mwema siku zote. Kwenye baba na mama yuko anayefanywa mbwa kila siku, au mtoto mchanga anayelazwa kwenye kona mpaka mchezo unaisha. Mwalimu akiamuru "chezeni wote", watamchezesha hadi mwalimu ageuze mgongo. Kwa hiyo huwa anabisha hodi kama jirani: "Mtoto wenu analia, mmempeleka kliniki?" Hapo kila mtu anamhitaji mgonjwa, na manesi wanagombaniana kumpima.

Likizo ni hadi Julai. Darasa la awali hatukuwapa kazi ya kuandika, na naomba msiwatafutie tuisheni. Wakirudi, kila mtoto aje na kitu kimoja msichokitumia nyumbani: boksi, khanga kuukuu, kopo la plastiki, simu mbovu iliyotolewa betri. Vioo na makopo ya bati hapana. Na wakiwaita mpande gari lao, pandeni, lipeni nauli, msiwasahihishe njia.

Muhula ujao wanataka kuvuka ziwa. Mtumbwi unahitaji boksi la friji. Mwenye nalo amjulishe mwalimu wa darasa kabla ya Ijumaa.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu