Kabla ya kusoma picha ya kichwa, ulizeni habari za mguu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya kiharusi, nami nina la kuongeza: si kila damu ionekanayo ubongoni ni kiharusi.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa Ukerewe, pekupeku tangu utoto. Baka jeusi lilimtoka unyayoni, akaliita sugu. Lilipoanza kutoa damu alikwenda zahanati, likakatwa, akafungwa bandeji, basi. Kinyama kile hakikupelekwa maabara.

Mwaka wa pili kichwa kikaanza kumuuma. Siku moja akaanguka mtumbwini akitetemeka. Wenzake wakasema kifafa, mkewe akasema mkono wa mtu. Tukavuka naye kuja Mwanza. CT, ile picha ya eksirei ya kichwa kwa vipande, ikaonyesha damu kwenye ubongo, tukaambiwa kiharusi, tukarudi na vidonge vya presha. (Mzee hakuwahi kuwa na presha, lakini nani angebisha?)

Alipozidiwa tukampeleka kwingine, akapigwa MRI, picha ya mashine ya sumaku. Daktari wa picha akatoka chumbani akaomba kumwona miguu! Ameona madoa kadhaa yaking'aa meupe hata kabla ya sindano ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha. Melanoma, akasema, saratani ya ngozi iliyopanda ubongoni. Hubeba melanini, rangi ileile itupayo weusi, na kwenye baadhi ya picha za MRI melanini hung'aa. Tena uvimbe wake huvuja damu upesi, ndiyo maana CT ilitupoteza.

Tumezoea kudhani saratani ya ngozi ni ya ndugu zetu wenye ualbino. Yao huletwa na jua, na mara nyingi ni ya aina nyingine. Hii hutujia sisi weusi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kidole cha mguu. Alipofariki 1981, akiwa na miaka 36, ilishafika ubongoni.

Siombi mashine mpya. Fomu ya kuombea picha ina nafasi ya historia ya mgonjwa. Ya mjomba iliandikwa "kuumwa kichwa" tu. Ingeandikwa "alikatwa baka jeusi unyayoni", msomaji wa CT angeshtuka, MRI ingefanywa mapema, madoa yakiwa machache na madogo, pengine ya kupigika mionzi.

Nasi ndugu tusingoje kuulizwa. Ule mguu nilikuwa naujua, bandeji nilinunua mimi. Nilikaa kwenye benchi pale saa nne nzima na sikuutaja.

Mpwa wa mvuvi,
Kirumba, Mwanza